UCHANGANUZI: Mitaro ya Daraja Mbili ni maabara iliyopuuzwa

MVUA kubwa inaponyesha katika vilima vinavyouzunguka mji wa Kisii, maji hayana safari ndefu. Huporomoka kwenye miteremko ya udongo mwekundu, yakazoa majani ya migomba na karatasi za plastiki, kisha yakaelekea bondeni unakopita Mto Nyakomisaro. Soko la Daraja Mbili, ambalo jina lake lenyewe linakumbusha kwamba hapo binadamu alilazimika kuvuka maji, hupata sehemu yake ya tope hilo. Wanafunzi huliruka wakienda shuleni, na aghalabu wakifika darasani hufundishwa ufundi kwa kunakili mchoro wa nyundo kutoka ubaoni.

Hali hii haikukusudiwa. Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023 chini ya mtaala wa umilisi, wazazi waliahidiwa kwamba mtoto wa sekondari msingi angetathminiwa kwa anachoweza kutenda. Mwaka 2024 masomo yalipunguzwa kutoka 14 hadi tisa, na somo la maandalizi ya kiufundi likaunganishwa na biashara pamoja na kompyuta. Muda wake ukawa haba zaidi. Swali ni je, muda huo mchache utumiwe vipi?

Jibu moja laweza kupatikana katika karai. Nchini Marekani, viwango vya ufundishaji sayansi vilivyochapishwa 2013 viliweka usanifu wa kihandisi bega kwa bega na sayansi kwa watoto wa umri huu, na ujenzi wa kizuizi cha mafuriko ni mojawapo ya mazoezi yanayotumiwa kuufundisha. Wanafunzi hupewa bonde dogo la udongo, kijiji cha vijumba vya karatasi na maji ya kumwaga. Huambiwa wakilinde kijiji kwa vifaa vichache na kwa bajeti isiyozidi kiasi fulani. Mjini Kisii vifaa hivyo havihitaji kuagizwa kutoka Nairobi: udongo wa mfinyanzi, kokoto, makapi ya migomba, mabingobingo, gunia kuukuu na chupa iliyotobolewa kizibo ili iwe mvua.

Kiini cha somo hakimo katika kujenga. Kimo katika kueleza tatizo kabla ya kugusa udongo: maji yatoka wapi, yatafika kimo gani, ni nini lazima kisilowe, na ni nini chaweza kulowa bila hasara kubwa. Mwalimu anayeanza kwa kusema "jengeni ukuta" amekwisha kuwapokonya wanafunzi nusu ya somo, kwa kuwa huenda jibu sahihi si ukuta bali ni mtaro mpana au kuzibua kalvati.

Hesabu nayo ipo, tena ya kiwango cha gredi ya 9. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Ukuta wenye urefu wa mita moja uliozuia maji ya kina cha mita moja husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 500. Kina kikifika mita mbili, msukumo haufiki mara mbili pekee. Hufika mara nne, yaani takriban kilo 2,000. Mwanafunzi aliyeona ukuta wake wa tope ukibinuka ghafla baada ya maji kupanda kidogo tu hatahitaji kukariri kanuni hiyo. Vilevile ataelewa kwa nini tuta hujengwa likiwa pana chini na jembamba juu.

Kisha kuna suala la kushindwa. Shule zetu zimelelewa na mtihani, na katika mtihani kosa ni alama iliyopotea. Katika usanifu wa kihandisi, ukuta uliobomoka ni taarifa. Je, maji yalipita juu yake, yalipenya katikati au yalichimba chini ya msingi? Kila jibu lina tiba yake. Wakazi wa Budalang'i wanazijua tofauti hizi kwa machungu, maana kingo za Mto Nzoia zimepasuka mara kadhaa, ikiwemo 2003 na 2008, na kila mara maelfu walihama. Mnamo Aprili 29, 2024 watu zaidi ya 50 waliangamia eneo la Mai Mahiu, na maelezo ya serikali yalikuwa kwamba maji yalijikusanya nyuma ya njia iliyozibwa na takataka chini ya reli, kisha yakafumuka kwa pamoja. Tuta la reli liligeuka bwawa ambalo hakuna aliyelisanifu. Kalvati iliyozibwa kwa mifuko sokoni ni kisa kile kile katika umbo dogo, na mtoto wa miaka 13 anaweza kukionyesha mezani kwa dakika tano.

Hata hivyo, zoezi hili lina hatari ambayo walimu wengi hawaitaji. Kikundi kinachoinua ukuta upande wake wa mto huwa kimeyasukuma maji kwa jirani. Nyakomisaro humwagika katika Mto Riana, nao Riana huungana na Mto Kuja, ambao kwa wenyeji wa juu ni Gucha, na Kuja huishia Ziwa Victoria baada ya kupita nyanda za Nyatike, Kaunti ya Migori, ambako mafuriko si habari ngeni. Maji yanayoharakishwa kutoka Kisii kwa mitaro ya saruji hayapotei. Kwa hivyo meza ya darasa yafaa iwe na vijiji viwili, cha juu na cha chini, na alama zitolewe kwa vyote. Bila hivyo, wanafunzi watafundishwa ustadi wa kujilinda kwa hasara ya wengine, ustadi ambao nchi hii haijaukosa.

Wala tusidhani kwamba maarifa haya ni ya kigeni. Matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa shamba, yalienea Ukambani na kubadilisha miteremko ya Machakos iliyokuwa imekatiwa tamaa. Jina hilo la Kiswahili hutumiwa hadi leo katika vitabu vya wataalamu wa udongo kote ulimwenguni. Katika kaunti kama Kisii, ambako sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba, kuyapunguza kasi maji shambani kabla hayajafika mjini ni uhandisi halisi.

Kinachotia shaka ni mwalimu na gharama. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 nao ulikuja na useremala na sanaa. Wazazi wakachangishwa kujenga karakana, nyingi zikakosa vifaa, na mageuzi ya 2002 yakayaondoa masomo mengi ya aina hiyo. Safari hii sekondari msingi ziliwekwa ndani ya shule za msingi, nyingi bila maabara, na sehemu kubwa ya walimu waliajiriwa kama wanagenzi kwa Sh20,000 kwa mwezi hadi wakagoma 2024. Mwalimu wa historia anayetakiwa kufundisha ufundi hatabebwa na karai pekee. Anahitaji angalau siku chache za kulifanya zoezi hilo yeye mwenyewe na kulowa.

Lakini lipo zoezi lisilohitaji hata karai, mradi mto usiwe umefurika na mwalimu awe karibu. Kanuni za mazingira zinataka ukingo wa mto uachwe wazi kwa mita zisizopungua sita na zisizozidi 30, kutegemea upana wa mto, kuanzia pale maji yanapofika yakijaa. Wape wanafunzi wa gredi ya 8 utepe wa kupimia na daftari, wateremke hadi Nyakomisaro, wapime umbali kati ya maji na ukuta wa jengo la kwanza, kisha wayaandike majibu kwenye ramani na kuibandika ukutani shuleni, mahali ambapo wazazi na diwani wataiona siku ya mkutano. Huenda hilo ndilo somo ambalo baadhi ya wenye majengo hawangependa lifundishwe.