AFYA YA JAMAA: Mtoto alaye udongo

Yuko mtoto ambaye kila akiachwa peke yake huenda kubandua udongo ukutani, au kumega kichuguu, akala. Mama humchapa na kumwosha kinywa. Kesho mtoto anarudia. Baadaye tumbo linajaa, uso unavimba, wala hana nguvu za kucheza na wenzake. Ndipo watu husema amelogwa, jirani fulani hutajwa, na chuki huingia kati ya nyumba mbili za Wakristo.

Mama, usimpige. Mpeleke penye mwanga, uvute kidogo ukope wake wa chini na kutazama ndani. Ikiwa pameuka, pamekuwa peupe badala ya pekundu, na viganja vyake vivyo hivyo, mtoto amepungukiwa damu. Na aliyepungukiwa damu mara nyingi hutamani udongo, kama vile mama mwenye mimba autamanivyo ule uuzwao sokoni.

Damu imekwenda wapi? Pengine ni malaria, pengine ni ule ugonjwa wa kuzaliwa nao uitwao SS. Ndiyo sababu yapasa apimwe kwenye dispensari. Lakini katika vijiji vyetu vyenye mvua na migomba, lazima tufikiri pia safura. Hiyo ni minyoo yenye urefu wa sentimeta 1 hivi, ambayo huuma ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mnyoo mmoja wa aina iliyoenea sana humpotezea mtu karibu mililita 0.03 kwa siku: hata tone moja halitimii. Ninyi wanafunzi, fanyeni hesabu. Minyoo 100 ni mililita 3 kwa siku, yaani 90 kwa mwezi. Na mtoto wa kilo 13 damu yake yote ni karibu lita 1 tu!

Udongo anaokula waweza kumletea minyoo mingine, ile mirefu. Safura huingia hasa kwa nyayo. Mayai yake hutoka pamoja na mavi, nayo penye kivuli na unyevu huanguliwa kwa siku moja au mbili. Baada ya juma moja hivi, vijidudu vyake huwa tayari kutoboa ngozi ya mguu mtupu. Mtoto hujikuna tu katikati ya vidole. Toka hapo hufuata damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa, hufika utumboni. Na ni nani aliyetupa mayai chini ya migomba? Ni sisi wenyewe. Wengi hudhani mavi ya mtoto mdogo hayana ubaya, wakayamwaga nyuma ya nyumba, pale pale wachezapo ndugu zake.

Aliyetimiza mwaka mmoja aweza kupewa albendazoli. Kipimo chake kitoke kwa mwuguzi, si kwa mchuuzi wa sokoni. Dawa hiyo huua minyoo, lakini hairudishi damu: kwa hiyo mtoto huhitaji pia dawa yenye madini ya chuma, maharagwe, ndagala, na maini yakipatikana. Akihema kwa shida au miguu ikivimba, apelekwe hospitali siku ile ile.

Akina baba, choo cha shimo ni kazi yenu. Na baba apataye fedha za kasiksi kila Jumapili asituambie kwamba ndara za mtoto ni ghali.

Mtoto akiisha kumeza dawa, msishangae akila udongo tena. Tamaa hiyo hupungua polepole, kadiri damu inavyorudi. Mrudisheni dispensari apimwe tena.