Bwawa la kupumzikia shambani: kabla ya banda la nyama choma, angalia tuta



Siku hizi naulizwa sana habari za mabwawa. Kijana ana duka Kariakoo, ana ekari zake kadhaa Kisarawe au Mkuranga, anataka azibe kijito amwagilie mboga, afuge perege, na wikiendi watu waje kupumzika na kupiga picha. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni bajeti: vibanda, viti na taa vina fungu, tuta halina hata senti.

Msimamo wangu ni huu: kama huna hela ya matunzo ya kila mwaka, usijenge bwawa. Chimba kisima.

Kwa nini nakaza hivi? Tarehe 9 Mei 2018 usiku, bwawa la Patel kule Solai, Nakuru, Kenya, lilipasuka kipindi cha mvua kubwa. Lilikuwa bwawa la shamba la mtu binafsi. Watu zaidi ya 40 walikufa. Lako ni dogo, sawa, lakini chini yake kuna nyumba za watu pia. Kwetu hapa Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kushuka hadi Jangwani, jirani kabisa na Kariakoo. Mafuriko ya Desemba 2011 hatujayasahau.

Matunzo yenyewe ni haya:

1. Tuta. Panda ukoka, usipande miti hata kama unataka kivuli. Mizizi ikioza inaacha mashimo, maji yanapita humo. Vichuguu vya mchwa na mashimo ya panya chimbua, kisha jaza mfinyanzi na ushindilie.

2. Utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaweka wavu samaki wasitoke, au wanapanga viroba vya mchanga ili bwawa lionekane limejaa. Takataka zikinasa, maji yanapanda juu ya tuta na kulikata. Acha utoro wazi, usafishe kabla ya masika na vuli.

3. Tope. Acha ukanda wa nyasi upande maji yanakoingilia, na toa tope wakati wa kiangazi.

4. Magugu ya kingoni. Yang'oe, maana konokono wa kichocho hupenda kukaa humo. Wageni wako wataingia majini, na watoto wasiachwe peke yao.

Ukiona maji yenye tope yanatoka chini ya tuta, ujue udongo wa ndani unaondoka. Usisubiri kesho: waambie walio chini wahame, punguza maji kama kuna njia salama, ita mhandisi.

Wapo watakaosema, "Afisa, unatukatisha tamaa." Hapana jamani. Kazi nyingi hapo ni za jembe, fyekeo na mtu mmoja wa kulizungukia tuta kila wiki. Kinachokosekana mara nyingi ni mwenye bwawa kujali.

Na kibali je? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inakitaka. Kwa ukanda wetu nenda Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu kabla hujakodi kijiko. Kibali sio usumbufu, ni nafasi ya mtaalamu kukagua mchoro wako wakati bado ni karatasi.

Masika haina rafiki. Kama bwawa unalo tayari, Jumamosi hii kabla hujawasha mkaa, zunguka tuta lote kwa miguu.