Mwili ukikataa dawa ya usingizi, mgonjwa apewe karatasi

Hapa Kivu, vita imepeleka wengi kwenye chumba cha upasuaji. Anayelazwa usingizi kamili mara nyingi hupewa pia dawa ya kulegeza misuli, kama suksametoniamu. Ni dawa yenye kusaidia sana. Lakini kwa watu wachache mwili unaikataa: ngozi inakuwa nyekundu, pumzi inabana, presha inashuka ghafla. Bila adrenalini ya haraka, mtu anaweza kufa.

Wakati huo mwili unamwaga histamini ndani ya damu. Kuipima ni shida, kwa sababu inapotea ndani ya saa moja hivi. Ndiyo maana waganga hupima zaidi triptase, ambayo inabaki saa kadhaa. Labo zetu nyingi hazina vipimo hivyo. Lakini kalamu haikosekani.

Maoni yangu ni haya: kila aliyepatwa na jambo hilo atoke hospitali na karatasi yenye majina ya dawa zote alizopewa, tarehe na yaliyomtokea. Kwa familia zilizokimbia, hiyo ni uhai. Leo uko Goma, kesho Minova, na faili imebaki nyuma. Tena, anayekataa dawa moja ya kulegeza misuli anaweza kukataa na nyingine za jamii hiyo.

Ndugu wasikilizaji, msione haya kuidai. Itunzeni pamoja na kadi ya chanjo ya watoto, na muionyeshe kabla ya kila upasuaji. Waganga nao waandike bila kungoja kuombwa.