Ada Imefutwa, Je, Njia?

Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 ukamwachia mzazi sare, madaftari na chakula. Lakini Kibondo, ambako vitongoji vimetawanyika, gharama nzito kuliko zote ni umbali. Masomo huanza Januari, mvua zikiwa katikati, na mtoto wa miaka 6 hawezi kuvuka vijito peke yake. Mzazi husubiri akue, na pengine jembe humfikia kabla ya kalamu.

Njia nafuu ni shule shikizi: madarasa machache kitongojini, chini ya shule mama, mtoto asome hapo hadi apate nguvu za kutembea. Mwaka 2021 Serikali ilitenga fedha za mkopo wa UVIKO-19 kwa madarasa 3,000 ya namna hiyo nchini. Kuta zaweza kupatikana. Matofali wanakijiji hufyatua wenyewe. Mwalimu je? Mara nyingi ni kijana wa kujitolea, aishiye kwa michango ya wazazi walewale walioambiwa elimu ni bure. (Sisi tuliomlipa maalimu wa madrasa kwa pishi la maharage twaijua hali hiyo.) Mavuno yakipungua, kijana huondoka, na mlango wa darasa hufungwa.