Garimoshi Linalokohoa Kiingereza

Kuna mtu, huko aliko, ametumia pengine mwaka mzima kuchora reli ya Tanga hadi Moshi kwa ajili ya mchezo wa kuendesha treni kwenye kompyuta. Kazi yake ya macho siipingi. Mkonge wa Mazinde amepanda kwa mistari. Ukuta wa Usambara umesimama mkono wa kulia ukitoka Korogwe, mahali pake hasa. Kichwa cha treni amekipaka ile rangi nyekundu iliyoiva ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na ukikisogelea unaweza kuhesabu ribiti za tangi la maji. Kisha unafungua mvuke, treni inaondoka stesheni ya Mombo, na kinachotoka kwenye spika ni Uingereza.

Simaanishi kwamba sauti inafanana na ya Uingereza. Namaanisha ni ya Uingereza kabisa: kichwa cha makaa ya mawe, cha reli pana, kilichorekodiwa kwenye mojawapo ya zile reli za makumbusho ambako watu huendesha treni za mvuke Jumapili kwa kujifurahisha. Nayajua mafaili hayo. Yanazunguka bure, na kila mwenye kichwa cha treni kisicho na sauti huyachukua na kuyabandika. Nimeyakuta kwenye treni ya India, kwenye treni ya Argentina, na sasa yamefika chini ya Lushoto.

Nikilalamika naambiwa, "Ni gemu tu, kaka." Haya. Kama ni gemu tu, mbona ribiti zimehesabiwa? Mbona mabishano ya rangi, kama nyekundu hii ni ya mwaka fulani au imekolea mno, huchukua wiki nzima? Mtu haweki kidevu chini kutafuta rangi halisi ya behewa la daraja la tatu halafu akadai anacheza tu. Jambo hili wamelichukulia kwa uzito, ila uzito huo unakoma kwenye macho. Sikio limeachwa lile makombo.

Nieleze kosa lenyewe liko wapi, maana si suala la ladha.

Kichwa cha mvuke chenye silinda mbili hutoa mapigo manne kila gurudumu linapozunguka mara moja. Kila pigo ni mvuke uliomaliza kazi ukitupwa nje kupitia bomba la juu. Kasi ikipanda, mapigo yanasogeleana, basi. Pigo lenyewe halibadiliki likawa jembamba. Lakini mafundi wetu wa mkato huchukua pigo moja, hulizungusha, na treni ikikimbia hulikimbiza faili zima, kwa hiyo sauti inapanda juu mpaka kichwa cha tani mia kinalia kama panya aliyebanwa mlangoni. Mtu anayeishi karibu na cherehani anajua kwamba cherehani ikikimbia haigeuki kuwa mbu. Hilo moja.

La pili ni mzigo. Treni inapong'oka stesheni, dereva huruhusu mvuke uingie silindani kwa sehemu kubwa ya mwendo wa pistoni, na kila pigo linatoka na hasira. Ikishapata mwendo anapunguza, mvuke unatanuka wenyewe mle ndani na kutoka umechoka, na sauti inakuwa laini ingawa treni inakwenda kasi zaidi. Ikishuka mteremko anafunga kabisa. Hapo hakuna pigo hata moja. Unasikia vyuma: mikono ya magurudumu ikigongagonga, maungio ya reli, mabehewa yakisukumana. Kwenye mchezo huu treni inateremka huku inakohoa kama inapanda. Yeyote aliyewahi kupanda basi la kutoka Lushoto kwenda Mombo anajua tofauti ya injini inayopanda na injini inayoshuka. Ile barabara ya kilomita thelathini na ushee inakufundisha hata ukiwa umelala.

La tatu ndilo linaloniuma. Vichwa vya Afrika Mashariki katika miaka yao ya mwisho vilikuwa vinachoma mafuta mazito. Tanuru la mafuta halitulii. Linanguruma mfululizo, treni ikiwa imesimama au inakwenda, kama jiko kubwa la mchina lililofungwa ndani ya pipa. Mngurumo huo ndio uliokuwa sakafu ya sauti nyingine zote. Tena Shirika lilivifunga vichwa vyake vingi bomba la moshi la kubuniwa na Giesl, Mwaustria, lile pana ubavuni na jembamba likitazamwa kwa mbele. Badala ya mvuke kutoka kwa tundu moja, ulitoka kwa vitundu vingi vilivyopangwa mstari. Msukumo kwenye silinda ukapungua, mafuta yakaokolewa, na pigo likapoteza ule mpasuko wake: likawa pana, la kuvuta pumzi. Mchoraji wetu amelichora bomba la Giesl vizuri sana. Ameliweka juu ya sauti ya kichwa ambacho hakikuwahi kuwa nalo.

Nilikwenda na simu yangu kwa mzee mmoja wa Mombo ambaye alikuwa faiamani enzi za Shirika. Simtaji jina, hakuniomba kutajwa. Nilimwamkia, tukakaa barazani, nikamchezea faili la kwanza bila kumwambia ni la nini.

Akasikiliza hadi mwisho. "Hii inakula makaa," akasema.

"Umejuaje, babu?"

"Haina tumbo. Ya kwetu ilikuwa na tumbo." Akaweka kiganja kifuani na kutoa sauti ambayo siwezi kuiandika, ya chini, isiyokatika, na juu yake akapiga mapigo kwa midomo. Alifanya vyote viwili kwa pamoja. Nilirekodi. Kisha akaongeza kitu cha tatu, kwa ulimi, kama mtu anayepiga chafya polepole na kuivuta tena. "Hiyo ni pampu ya breki, mjukuu wangu. Pale stesheni ndiyo unayoisikia zaidi. Abiria wanadhani ni injini, kumbe ni pampu."

Nilimchezea mafaili kumi na moja jioni ile. Tisa aliyakataa kwa neno moja. Mawili alisema yana kitu. Moja kati ya hayo mawili lilitoka kwenye Garratt ya Afrika Kusini, zile ndogo za reli ya sentimita 60 ambazo leo zinavuta watalii huko Wales kwenye reli ya Welsh Highland. Mzee hakuwa na habari ya Wales. Alisema tu, "Hizi ni mbili zimefungwa pamoja." Sahihi. Garratt ni boila moja juu ya injini mbili, mbele na nyuma, na injini hizo hazijafungamana. Magurudumu yake hayazunguki sawasawa kabisa, kwa hiyo mapigo ya mbele na ya nyuma huanza pamoja, yakaachana, yakajaza nafasi kati ya mwenzake, kisha yakarudi kuwa moja. Kichwa kinasikika kama wachapa kazi wawili wanaotwanga kinu kimoja. Ukiweka faili moja la mapigo manne kwenye Garratt, umemuua mtwangaji mmoja.

Na Garratt za kwetu hazikuwa mchezo. Zile za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zilikuwa 34, kila moja na uzito unaozidi tani 250, na kwenye reli ya mita moja dunia haikuona kichwa cha mvuke kikubwa kuliko hicho. Zilipewa majina ya milima. Gurudumu lake lilikuwa na kipenyo cha mita 1.37 hivi. Piga hesabu: kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa gurudumu linazunguka mara 1.3 kwa sekunde, mapigo matano na kidogo kwa kila injini, na injini ni mbili. Mapigo kumi kwa sekunde, na bado treni inakwenda mwendo wa baiskeli. Mchezo unakupa matano.

Kuna upinzani mwingine, wa watu ninaowaheshimu zaidi kuliko hao wa gemu tu. Wanasema: reli ile ilianzwa na Wajerumani mwaka 1893 pale Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905 ili kuchukua mazao ya walowezi wa Usambara, ikajengwa kwa migongo ya watu waliolazimishwa. Lushoto yenyewe waliiita Wilhelmstal. Unataka kutuletea nyimbo za mkoloni?

Jibu langu ni kwamba hoja hiyo inamwachia mkoloni kitu kisicho chake. Jina la Wilhelmstal lilikuwa lake, na limeondoka naye. Hesabu za faida zilikuwa zake. Lakini sauti ya kichwa kinachofanya kazi hutengenezwa na anayekifanyisha kazi. Moto unanguruma kadiri faiamani anavyoulisha. Pigo ni kali au laini kadiri dereva alivyoweka mkono wake, na filimbi walikuwa wanaivuta kila mtu kwa namna yake. Mzee wa Mombo anasema mkewe alijua kabla treni haijafika kama leo yumo dereva fulani. Hiyo ni saini ya mtu. Tukikaa kimya kwa sababu ya uzalendo, hatupati ukimya. Tunapata faili la Jumapili la Mwingereza, ndani ya reli yetu, milele. Je, huo ndio ukombozi?

(Kiswahili nacho kinachekesha hapa. Tuliliita gari la moshi, kwa kile tulichokiona, wakati kilichokuwa kinalisukuma ni mvuke na kilichokuwa kinatutoa ndani ya nyumba ni sauti. Watoto ndio waliopatia, na chuku-chuku yao.)

Wala siwabebeshi wageni lawama zote. Mchezo wa Microsoft wa mwaka 2001, uliozaa ukoo mzima wa michezo hii, ulikuja na njia sita: mbili za Marekani, mbili za Japani, moja ya Uingereza, moja ya Austria. Afrika haikuwamo, na hakuna aliyetuzuia kujiweka. Open Rails, mrithi wake wa bure, inasoma faili la sauti ambalo ni maandishi matupu. Unalifungua kwa programu ile ile unayoandikia barua ya kuomba kazi. Humo unaandika: mvuke ukifika kiasi hiki, cheza sauti hii, gurudumu likiteleza, cheza ile. Sijasomea uhandisi na ninalihariri. Kijana wa chuo pale Tanga anaweza kulihariri usiku mmoja, kama anacho cha kuweka ndani yake.

Hapo ndipo tuna deni. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake akirekodi ngoma zetu, na tunamshukuru. Ngoma zingine bado zinapigwa, unaweza kwenda kuzisikia Jumamosi. Kichwa cha mvuke cha reli ya Tanga huwezi. Shirika lilivunjika mwaka 1977. Majina matatu ya Tanzania yamesimama baridi kwenye makumbusho ya reli Nairobi: Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida, Gelai, mlima ulio karibu na Ziwa Natron, na Shengena, mlima wa Upare, jirani yetu hapa. Treni ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirudi mwaka 2019 na inapita Mombo kwa dizeli. Tangu 2024 kuna treni ya umeme ya Dodoma, ambayo mtoto akiipanda anafikiri treni ni kitu kinachovuma kama friji. Sina ugomvi na umeme. Nasema tu waliosikia kile kingine wanazidi kuzeeka, na masikio huondoka kabla ya mwenyewe.

Kuna jambo hata faili safi kabisa haliwezi kulibeba, na mafundi wa sauti wa Ulaya hawawezi kulifikiria kwa sababu hawajasimama Irente. Pale juu, ukingoni, tambarare ya Mazinde iko chini yako kama mkeka. Treni ikiwa kilomita nne kutoka uliposimama, ulikuwa unaona kishungi cheupe cha mvuke kikiruka juu ya kichwa, kimya. Sekunde 12 baadaye filimbi inakufikia. Kwa hiyo mtu wa mlimani alikuwa anaiona treni iliyopo na kuisikia treni iliyokwishapita pale. Na aliyekuwa chini alisikia ukuta ukijibu: ukiwa kilomita moja nao, mwangwi unarudi baada ya sekunde sita, wakati dereva ameshavuta filimbi ya pili. Mchezo una milima yote hii, imechorwa kwa vipimo vya setilaiti, na haina mwangwi hata mmoja. Milima ya karatasi.

Nimeandika mwangwi huo mwenyewe, kwa mkono, kwenye faili la filimbi: nakala hafifu, iliyochelewa, isiyo na sauti za juu maana hewa huzila njiani. Tanuru nimelijenga kwa kurekodi jiko la mafuta la kiwanda kidogo na kulishusha. Pampu ni ulimi wa mzee wa Mombo, kama ulivyo, sijausafisha. Ukiwasha treni stesheni ya Mombo utamsikia yeye. Mapigo bado. Nina yale mawili aliyosema yana kitu, na wiki ijayo napanda basi kwenda Korogwe, ambako nimeambiwa kuna dereva mstaafu, anasikia vizuri kwa sikio la kushoto. Mwenye baba, babu au mjomba aliyefanya kazi kwenye Shirika, awe faiamani, gadi au fundi wa karakana ya Tanga, amchezee faili lolote la treni leo jioni na awashe simu kabla mzee hajaanza kubisha.