Friji la Bure, Uniti za Muuza Duka

Igoma, Mabatini au Kirumba, jijini Mwanza, si ajabu kukuta kwenye duka la chakula friji lililoletwa na kampuni ya soda. Kampuni haidai kodi, mradi ndani vikae vinywaji vyake. Aliyelichagua friji halipii uniti, na anayelipia uniti hakulichagua. Mjadala wa kuwasaidia wenye maduka kubana matumizi ya umeme uanzie hapo, kabla ya kilio cha kutaka bei ishushwe.

Friji kuukuu, mpira wa mlango umelegea, limebanwa ukutani chini ya bati linalochomwa na jua la Mwanza, linaweza kula uniti 4 kwa siku. Kwa mwezi ni 120. Kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, hizo ni karibu shilingi 42,700. Friji bora la ukubwa uleule linaweza kufanya kazi hiyo kwa nusu. Na duka likiwa chumba cha mbele cha nyumba, mita ikiwa moja, maumivu yanafika hadi jikoni: nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 122 tu kwa uniti, na friji hilo peke yake linatosha kuiondoa kwenye daraja hilo.

Wapo wanaouliza: Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, TANESCO inatafuta wanunuzi, ya nini igharamie kupunguza mauzo yake yenyewe? Swali zuri. Ila Mwanza iko mbali na Rufiji liliko bwawa hilo, umeme hupotea njiani, na muuza duka ambaye kompresa yake imeungua kwa umeme mdogo haoni ziada inayozungumzwa.

Ghana ilijaribu kuyaondoa mafriji kuukuu. Mwaka 2012 ilianza kuwapa punguzo waliosalimisha friji kuukuu wanunue jipya, na mwaka 2013 ikaanza kusimamia marufuku ya kuingiza mafriji ya mitumba. Kwetu friji jipya likitolewa kwa mkopo, njia ya kukusanya marejesho ipo tayari: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye 1,500. Mashine inayokata kodi haiwezi kushindwa kukata mkopo wa friji.

Lakini kodi hiyohiyo imeshatuonyesha pa kuchunga. Mita ni ya mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mpangaji. Basi mpangaji hulipia jengo lisilo lake, kisha aanze kumdai mwenye nyumba, akithubutu. Mkopo wa friji ukifungwa kwenye mita, mkopaji akihama na friji lake, mpangaji ajaye atarithi deni tupu. Ningeanza na wenye mita zao, na kwa wengine deni liandikwe kwa namba ya NIDA, lirejeshwe kwa simu.

Friji la soda lisiguse hata senti ya ruzuku. Hilo ni chombo cha matangazo cha kampuni yenye uwezo. TBS ilipime, na kampuni ilazimishwe kubandika mlangoni uniti linazokula kwa siku, mwenye duka azisome kabla hajalichomeka.