Neno "Kidogo" Halina Kipimo

Juzi, hapa Timbwani, fundi alikuwa amekwisha kumwaga maji yote ya rejeta aliponiambia, "Mwalimu, washa kidogo tu, tulisogeze gari kivulini." Nikamwuliza: kidogo ni kiasi gani? Akacheka.

Injini baridi huweza kustahimili nusu dakika hivi. Lakini moto ndani ya silinda hupita nyuzi 2000 za Selisiasi, na hedi ya alumini, ambayo hutanuka kuliko chuma, huweza kupinda. Geji nayo huenda isionye, kwani hupima joto la maji, na maji hayapo.

Tukalisukuma gari.

Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kudai kipimo. Neno lisilo kipimo huunguza injini, na alipaye si aliyelitamka.